Stokingi, bomba la sindano na plazima safi: jinsi ya kutenga vifuko vya seli kwenye damu ya mgonjwa wa saratani

Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo huulizia mashine kwanza. "Dada, ile sentrifuji ya 100,000 g iko wapi?" Hatuna. Tuna sentrifuji ya mezani, yaani mashine ndogo ya kuzungusha tyubu kwa kasi, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hadubini ya elektroni ya kuazima kwa majirani, na boksi la mabomba ya sindano ya mililita 10. Kwa vitu hivyo tumetenga vifuko kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya umio kwa miaka minne hapa Dar es Salaam. Kazi ikiharibika, mara nyingi huwa imeharibikia kwenye kiti cha kutolea damu, au njiani, kabla sijagusa pipeti. Kwa hiyo nitakaa sana huko mwanzo. Mwenye haraka ya kufika kwenye kolamu, lile bomba la kutengea vifuko, anivumilie.

Unachokitafuta

Kwanza ujue unatafuta nini, maana hutakiona kwa macho. Kila seli humwaga nje vifuko vidogo vilivyofunikwa kwa utando kama wake, na ndani vimebeba protini, RNA na vitu vingine vya seli iliyovizaa. Vile vya nanomita 30 hadi 150 hivi hutengenezwa ndani kwa ndani: kifuko kikubwa hujaa vifuko vidogo, kisha huungana na utando wa seli na kuvimwaga nje. Hivyo ndivyo eksosomu. Vingine humeguka moja kwa moja kutoka juu ya seli na huweza kufika nanomita 1,000. Vikishaingia kwenye tyubu huwezi kujua kipi kilitokea mlango upi, na ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa MISEV unashauri viitwe kwa jumla vifuko vya nje ya seli. Mimi nitasema vifuko. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Vifuko vya nanomita 100 itabidi uvipange sabini na kitu ndipo uvuke upana huo.

Mwaka 1967 Peter Wolf aliandika juu ya alichokiita vumbi la chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda. Mwaka 1983 Rose Johnstone na wenzake huko Montreal, wakichunguza seli nyekundu changa za kondoo, na kundi jingine huko St. Louis lililotumia za panya, waliona seli ikimwaga nje kipokezi cha transferini (protini ya kuingizia chuma kwenye seli) ndani ya vifuko inapokomaa. Ilionekana ni namna ya seli kutupa takataka. Hilo la takataka limeshapita. Lile vumbi la Wolf likumbuke, litaturudia.

Mgonjwa naye atataka kujua, na hapo usijifiche nyuma ya maneno makubwa. Binti wa mzee mmoja wa Kilwa aliishika fomu ya ridhaa muda mrefu bila kuisaini, kisha akaniambia, "Dada, uvimbe wa baba uko kooni. Mbona mnachukua damu ya mkononi?"

Nimehudhuria mikutano ambayo haikutoa swali zuri kama hilo. Nikamuuliza kwao wanalima nini. Ufuta. Nikamuuliza kama wanaupanda kabla ya kufyeka. Akacheka.

Basi saratani nayo hufyeka. Daktari wa Uingereza, Stephen Paget, aliandika mwaka 1889 kwamba saratani inaposambaa haiendi popote tu, ni kama mbegu inayohitaji udongo wake. Zaidi ya karne baadaye, kundi la David Lyden huko New York lilionyesha kwa panya kwamba vifuko vya uvimbe hutangulia mbele ya seli zenyewe. Mwaka 2012 walionyesha vifuko vya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, vikizifundisha seli za uboho kuusaidia uvimbe kusambaa, na protini moja iliyohusika iliitwa MET. Mwaka 2015 wakaenda mbele zaidi: vifuko vina integrini juu yake, yaani protini za kushikia, na integrini hizo ni kama anwani kwenye bahasha. Vyenye α6β4 na α6β1 vilielekea mapafuni, vyenye αvβ5 vikaelekea kwenye ini. Vikifika vinapokewa na seli za pale, na seli hizo zinaanza kutengeneza mazingira yatakayoipokea saratani. Shamba linafyekwa kabla mbegu haijafika.

Yapo mengine ambayo sikumwambia yule binti, ila wewe unayetenga yakupasa uyajue, maana yatakuonyesha kwa nini uchafu kidogo kwenye tyubu unatudanganya sana. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba seli za uvimbe wa ubongo zenye kipokezi kilichoharibika, EGFRvIII, huwagawia jirani zao wasio nacho kwa njia ya vifuko, na jirani akishapokea anabadilika tabia. Mwaka 2018 ikaonekana kwamba vifuko vya melanoma hubeba PD-L1 juu yake. Ni protini ile ile ambayo uvimbe hutumia kuzilaza seli T za kinga, safari hii inafanya kazi mbali na uvimbe, kwenye damu. Kwenye mililita moja ya plazima, yaani maji ya damu yaliyotengwa na seli, kuna vifuko kwa mabilioni, na vingi sana vimetoka kwenye seli za damu zenyewe na chembe sahani. Vya uvimbe ni wachache ndani ya umati. Ukiongeza umati kwa uzembe wako, umewazika.

Nilimwambia pia, kabla hajasaini, kwamba damu ile haitamsaidia baba yake. Huko Marekani kipo kipimo cha saratani ya tezi dume kiitwacho ExoDx, kinachosoma RNA za vifuko kwenye mkojo na kumsaidia daktari kuamua kama mgonjwa akatwe kipande kidogo cha nyama ya kupima au la. Sisi tuko mbali na hapo, tunakusanya na kulinganisha. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiko ukutani, lakini karatasi ya ukutani haimwelezi mtu kitu. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako. Alisaini.

Supu si chakula

Mgonjwa asile usiku wa kuamkia siku ya damu, na atolewe asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Sababu ni mafuta. Ukila chakula cha mafuta, damu inajaa matone ya mafuta yaitwayo kailomikroni, na ukubwa wake unaangukia mle mle mwenye vifuko: nanomita 75 na kuendelea, mengine yanapita 1,000. Mashine ya kuhesabu haijui kutofautisha tone la mafuta na kifuko. Kolamu nitakayoieleza nayo haijui, kwa sababu inatenga kwa ukubwa tu.

Wagonjwa wa umio hawakutusumbua kwenye hili. Wengi wao kumeza kumekuwa shida, na kumwacha mtu wa namna hiyo na njaa hadi saa tano asubuhi ni ukatili. Tunatoa damu saa moja, na chupa ya uji wake iko pembeni, uji wa vuguvugu. (Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani ya umio. Huwa nalisema hili kwa kila ndugu anayeleta chupa ya chai. Wananiitikia tu.)

Waliotutesa ni wale wenye afya, tuliowaomba damu ya kulinganishia. Dereva mmoja wa bodaboda aliniapia hajala. Plazima yake ikatoka nyeupe kama tui la nazi. Nikamwita.

"Kaka, ulisema hujala."

"Sijala, dada. Nilikunywa supu tu. Supu si chakula, ni ya kuamsha mwili."

Tangu siku hiyo fomu yetu haiulizi "umekula?" Inauliza: tangu jana usiku kimepita nini mdomoni, pamoja na supu, chai ya maziwa na soda. Kwa sampuli yake na nyingine mbili za aina hiyo, hesabu ya vifuko ya wenye afya ilikuwa imepanda kuwazidi wagonjwa, na kuna mwenzetu aliyekuwa ameshaanza kulitafutia maelezo ya kisayansi.

Kwenye kiti

Tumia sindano namba 21, au nene kidogo kuliko hapo, usitumie ile nyembamba ya watoto. Damu ikipita kwenye tundu dogo kwa kasi, seli zinapasuka. Mpira wa kufungia mkono uuachie mara tu damu inapoanza kuja. Usimwache mtu amefungwa huku unatafuta plasta. Tyubu ya kwanza itupe, au ipeleke kwa kipimo kingine, kwa sababu ile damu ya mwanzo ina chembe sahani zilizoshtuka kwa kuchomwa mshipa.

Tyubu iwe ya kifuniko cha bluu, yaani ya sitreti inayozuia damu kuganda, na uijaze mpaka kwenye mstari: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Wengine hutumia ya zambarau yenye EDTA na wana sababu zao. Ya kijani, yenye heparini, usiiguse kama unakusudia kusoma RNA baadaye, maana heparini huizuia PCR, ile njia ya kunakili vinasaba ili visomeke. Ya nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote. Damu inaganda humo, na wakati wa kuganda chembe sahani zinamwaga vifuko kwa wingi, halafu wewe unakuja kuvihesabu kana kwamba mgonjwa alikuwa navyo mwilini. Nimesoma kazi nyingi zilizofanywa kwa seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, na zikaitwa za saratani. Mimi huzisoma nikiwa na kalamu nyekundu.

Pindua tyubu taratibu, mara nane hivi, kama unamgeuza mtoto aliyelala. Usitikise. Ikishasimama wima, ibaki wima.

Njiani

Hapa nina kisa. Kliniki moja tuliyokuwa tunachukulia sampuli ilikuwa mbali na sisi, na kwa nia njema kabisa walikuwa wanazipakia tyubu kwenye kiboksi cha barafu, wanampa kijana wa bodaboda, anakuja nazo mbio ziwahi. Barafu, matuta, na tyubu zimelala ubavu. Ni mambo matatu ambayo chembe sahani haziyapendi, yote kwa wakati mmoja. Baridi peke yake inatosha kuziamsha. Zikiamka zinabadilika umbo na kuanza kumeguka, na vinavyomeguka ni vifuko visivyohusiana na uvimbe wowote.

Damu ya kazi hii haiwekwi kwenye barafu. Ikae kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 24, na kwa Dar es Salaam ya Februari hiyo ina maana ya chumba chenye kiyoyozi. Izungushwe ndani ya saa moja. Baada ya kuhangaika sana tuliona ni rahisi kuipeleka sentrifuji kliniki kuliko kuileta damu maabara. Sasa tunaifunga kwenye gari kila Jumanne na Alhamisi. Ina uzito wa mbuzi, lakini haina chembe sahani.

Sentrifuji, na namba iliyotugharimu sampuli arobaini na moja

Plazima izungushwe mara mbili: 2,500 g kwa dakika 15, uhamishe plazima kwenye tyubu mpya, kisha 2,500 g tena kwa dakika 15. Breki izimwe, mashine isimame yenyewe. Inachosha kungoja, lakini breki ikikamata, utando mweupe uliokaa juu ya seli nyekundu unavurugika na chembe sahani zinapanda tena juu. Unapovuta plazima kwa pipeti, acha sentimita moja juu ya utando ule. Inauma kuiacha, najua. Iache. Kwenye mzunguko wa pili chini hakuna kinachoonekana, lakini kipo. Acha nusu mililita ya mwisho.

Sasa kuhusu g, yaani nguvu ya mzunguko ni mara ngapi ya mvutano wa dunia. Mwaka wa kwanza mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, alibandika karatasi kwenye mashine: "2,500, dakika 15, mara mbili." Mashine yetu ya zamani ilikuwa inaonyesha mizunguko kwa dakika, haikuwa inaonyesha g. Kila aliyekuja akaweka 2,500 kama karatasi ilivyosema. Hesabu ni hii: g ni sawa na 0.00001118, mara umbali wa sentimita kutoka katikati ya mashine hadi mwisho wa tyubu, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Kwetu umbali ulikuwa sentimita 17. Mizunguko 2,500 ikatupa kama 1,190 g, chini ya nusu ya tulichokuwa tunaandika kwenye daftari. Kupata 2,500 g tulihitaji mizunguko 3,630 hivi.

Chembe sahani zikabaki kwenye plazima. Ingekuwa tu zimebaki, tungezungusha upya. Lakini tulikuwa tumeshagandisha. Chembe sahani ikigandishwa na kuyeyushwa inapasuka vipande vipande, na vipande vyake vinajikunja kuwa vifuko vyenye utando safi kabisa, vyenye hata CD9 juu yake, protini tunayotumia kuvitambua vifuko. Vumbi la Wolf, tumelitengeneza wenyewe kwenye friza. Wagonjwa arobaini na mmoja, na baadhi yao hatukuweza kuwarudia kuwaomba damu nyingine.

Kwa hiyo chukua rula upime mashine yako leo. Karatasi ya ukutani iandike g na mizunguko, zote mbili, na jina la rota, kile kichwa kinachozunguka na tyubu.

Kabla ya kugandisha chukua tone moja la plazima ulihesabie chembe sahani kwenye mashine ya picha kamili ya damu. Ikisoma kitu chochote zaidi ya sifuri, zungusha tena. Ikisoma sifuri usishangilie sana, maana mashine ile haikutengenezwa kwa idadi ndogo namna hiyo. Lakini ni mlinzi wa mlangoni na anakamata wengi. Kisha inua tyubu kwenye mwanga. Plazima nzuri ina rangi ya majani makavu. Ikiwa na uwaridi, seli nyekundu zimepasuka, na kama una kipima mwanga soma nanomita 414 uandike namba. RNA za seli nyekundu zitavuruga majibu yako yote ya RNA. Ikiwa kama tui, umeshajua.

Gawa kwenye tyubu ndogo za nusu mililita au mililita moja, gandisha haraka kwa naitrojeni kimiminika kama unayo, hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukiyeyusha, yeyusha mara moja, kwenye maji ya nyuzi 37, na kilichobaki usikirudishe.

Kolamu

Haya, tumefika kwenye stokingi. Mwaka 2014 kundi la Amsterdam lilichapisha njia ya kutenga vifuko kwa kolamu moja tu, na walichotumia ni bomba la sindano la plastiki la mililita 10, mdomo wake umezibwa kwa kipande cha stokingi ya nailoni ya dukani, deni 20 (kipimo cha unene wa uzi). Nilipoisoma nilitoka mchana ule ule kwenda Kariakoo. Muuza duka aliniuliza rangi gani. Nikamwambia yoyote, akaniangalia vibaya.

Osha stokingi kwa maji safi ya maabara, kata mduara, ikunje mara mbili na uisukumie chini ya bomba kwa kutumia pistoni, kisha itoe pistoni. Punje zinazojaza bomba zinaitwa Sepharose CL-2B, ni punje za agarosi zenye matundu. Zinauzwa ndani ya ethanoli ya asilimia 20, kwa hiyo zioshe mara tatu kwa bafa: PBS (maji ya chumvi ya maabara) yenye sitreti ya asilimia 0.32, iliyopita kwenye chujio la mikromita 0.22. Usidharau chujio hilo. Bafa isiyochujwa ina vijipande vya ukubwa ule ule wa vifuko, na utakuja kuvichapisha.

Mimina punje taratibu bombani mpaka zikishatulia zifike mililita 10. Mapovu yakiingia, koroga uanze upya. Kolamu yenye povu haiponi. Na kamwe isikauke juu. Maji yakishuka chini ya uso wa punje, zinapasuka nyufa na plazima itapita kwenye ufa.

Namna inavyotenga, mgeni huwa haamini, kwa sababu wakubwa ndio wanaotangulia. Fikiria Kariakoo saa nne asubuhi. Lori haliwezi kuingia vichochoroni, kwa hiyo linafuata Mtaa wa Msimbazi moja kwa moja hadi mwisho. Kijana wa mkokoteni anaingia kila kichochoro, anasimama, anatoka, anaingia kingine. Atafika, lakini lori limeshapita. Vifuko ni lori. Albumini na protini nyingine ndogo ndizo mikokoteni, zinapotea ndani ya matundu ya punje na kutoka baadaye.

Panga tyubu ndogo 26, zimeandikwa namba kabla hujaanza, maana ukianza huna mkono wa kuandikia. Acha bafa izame hadi iguse uso wa punje, weka plazima mililita 1.5 polepole ukifuata ukuta wa bomba, anza kukinga papo hapo. Kila nusu mililita, tyubu mpya. Plazima ikizama, ongeza bafa kidogo kidogo juu. Kwenye kazi ile ya Amsterdam vifuko vingi vilitoka kati ya tyubu ya 9 na ya 12, na protini nyingi zikaja nyuma. Usiziamini namba hizo kwa kolamu yako. Ukipakia plazima kidogo zaidi, vifuko vitawahi. Ukijaza punje vibaya, vitachelewa. Pima kila tyubu mwanga wa nanomita 280 kwa kolamu tatu nne za mwanzo, uone protini inaanza kupanda wapi, na uchague tyubu zilizo kabla ya mlima huo.

Kolamu ya mgonjwa mmoja usimpe mwingine. Bomba ni bei rahisi na stokingi ndiyo kabisa. Punje ndizo ghali, lakini vifuko vya jana vikimtokea mgonjwa wa leo, ghali zaidi.

Kuthibitisha

Tyubu iliyo na kitu haijawa tyubu iliyo na vifuko. Pima protini za utando wa vifuko, CD9, CD63 na CD81, na ya ndani mojawapo, TSG101 kwa mfano. Halafu pima kile usichotaka kukiona: albumini, na ApoB ya matone ya mafuta. Watu wanapenda kupima vya kwanza na kusahau vya pili. ApoB ndiyo iliyomuumbua yule kaka wa supu.

Ukipata hadubini ya elektroni, vifuko vilivyokaushwa huonekana kama vikombe vilivyobonyea katikati. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda kuandika kwamba eksosomu zina umbo la kikombe. Hazina, ni kukauka tu kunakozibonyeza, zikiwa kwenye maji ni mviringo. Mashine ya kuhesabu kwa kufuatilia mtikisiko wa chembe kwenye mwanga wa leza ni nzuri, ila inahesabu kila kinachotikisika. Kwa hiyo hesabu, kisha ongeza Triton X-100, uhesabu tena. Sabuni hiyo huyeyusha utando. Vilivyobaki baada ya sabuni havikuwa vifuko, ni madonge ya protini au takataka nyingine.

Weka na sampuli ya kulinganishia kila mara. Sisi tunatumia vifuko vya seli B zilizokuzwa maabara baada ya kubadilishwa na virusi vya Epstein-Barr. Seli za aina hiyo ndizo walizotumia Graça Raposo na wenzake mwaka 1996 kuonyesha kwamba vifuko vinaweza kuziamsha seli T, kazi iliyowafanya watu waache kuviita takataka. Virusi vyenyewe vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964 kwenye seli za uvimbe wa Burkitt zilizosafirishwa kutoka Uganda kwenda London. Huwa nawakumbusha vijana hili wakianza kudhani mambo haya yote yametoka mbali.

Ukikuza seli mwenyewe, tahadhari na seramu ya ndama unayozilishia. Ina vifuko vya ndama, tele. Mwenzangu alitumia miezi miwili kuchunguza vifuko vya saratani ambavyo kwa sehemu kubwa vilikuwa vya ng'ombe. Nunua seramu iliyoondolewa vifuko, au siku ya kukusanya uzikuze seli bila seramu.

Shangazi yangu, aliposikia ninafanya kazi ya eksosomu, aliniletea picha ya tangazo la saluni: sindano ya eksosomu ya kung'arisha ngozi na "kutibu magonjwa sugu." Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Desemba 2019 kwamba haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu, baada ya watu kudhurika huko Nebraska. Nikamwambia, "Shangazi, mimi mwenyewe nikipata tyubu moja safi kwa wiki nashukuru. Hao wanazitoa wapi za kuuza?"

Andika kwenye kila tyubu kwa kalamu isiyofutika kwa pombe: namba ya mgonjwa, saa ya kutoa damu, saa ya kuzungusha, g, na namba za tyubu za kolamu ulizozichanganya. Usiandike jina. Yale yale yaingie kwenye daftari la karatasi, kwa sababu kompyuta yetu huzimika umeme ukikatika na daftari halizimiki. Stokingi iliyobaki iweke kwenye mfuko safi wenye zipu. Mguu mmoja unanitosha kolamu ishirini, na ule wa pili mara nyingi unakuwa bado haujaguswa.